Kwa nini paka hupenda samaki, na je, wanamfaa?

Ukifika Lamu asubuhi wavuvi wanaposhusha samaki, utawakuta paka wameshatangulia, wameketi wakisubiri matumbo na vichwa. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria ni hivyohivyo: dagaa wakianikwa, paka hawako mbali. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini samaki ni chakula cha asili cha paka. Sivyo.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu ambaye bado yupo katika sehemu nyingi za bara letu. Huyo huishi savana na hata kandokando ya jangwa, akila panya, ndege, mijusi na wadudu. Kule Asia yupo paka-mwitu mwingine anayeingia majini kuvua, lakini huyo si babu wa paka wako.

Basi hamu ya samaki inatoka wapi? Inatoka puani na ulimini. Paka hasikii utamu wa sukari kabisa, ila ladha ya nyama, ile unayoipata kwenye supu iliyoiva vizuri, anaisikia sana. Mwaka 2023 watafiti nchini Uingereza walieleza kwamba ulimi wa paka huvutiwa mno na mchanganyiko wa kemikali mbili za ladha hiyo, na jodari anazo kwa wingi. Paka waliowekewa maji yenye mchanganyiko huo waliyachagua wakaacha maji matupu. Ongeza harufu kali ya samaki, na ule urahisi wa kupata mabaki kwa binadamu, utaelewa kwa nini anakulilia ukiwa unaparua magamba.

Je, wanamfaa? Kiasi, ndiyo. Paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hudhoofika. Taurini huyeyuka majini, kwa hiyo ukimchemshia samaki usimwage yale maji. Changanya na ugali wake.

Tatizo ni samaki kuwa chakula chake pekee, na hasa samaki mbichi. Samaki wengi wadogo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa hao kila siku huanza kukataa chakula, kisha anayumba, shingo inainama hadi kidevu kinaelekea kifuani, na mwisho ni degedege. Watu husema amelogwa au amepewa sumu, kumbe ni upungufu wa vitamini, na sindano ya daktari wa mifugo ikiwahi huweza kumwokoa. Moto huua kimeng'enya hicho. Chemsha, hata kama ni dagaa wa kuanika.

Samaki wenye mafuta mengi nao, wakiliwa mfululizo, humletea upungufu wa vitamini E. Mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kuwa magumu, na paka hulia ukimgusa tu.

Zebaki ni jambo jingine. Katika miaka ya 1950, mjini Minamata, Japani, paka walionekana wakirukaruka kama wanaocheza ngoma, kisha wakafa. Walikuwa wamekula samaki wa ghuba iliyotiririshiwa maji ya kiwanda yenye zebaki, na watu waliokula samaki haohao waliugua vilevile. Ukiishi karibu na mahali panapochenjuliwa dhahabu kwa zebaki, usimpuuze paka anayeanza kuyumba.

Kwa wa pwani, bunju asitupwe ovyo. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na matumbo yake huua paka kama yanavyoua mtu.

Jikoni, mpe samaki mara moja au mbili kwa wiki, aliyepikwa bila chumvi wala pilipili. Ng'onda mloweke kwanza na umwage maji ya chumvi. Toa miiba mikubwa, maana humkwama kooni. Na mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, maji au saumu, usimpe hata kama anang'ang'ania: vitunguu huharibu damu ya paka. Hili wengi hatulijui, na ndicho chakula tunachomtupia kila jioni.

Siku nyingine mwache awinde. Panya mmoja, pamoja na maini na moyo wake, ana taurini na vitamini ambazo ugali hauna, na mahindi yako ghalani yanapona. Ila hapo sumu ya panya iondoke nyumbani, kwa sababu paka akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.