Mtoto wa Unguja alivyowika Brussels

 

Jana tramu ilinipitisha karibu na ukumbi wa Forest National, nikakumbuka kisa. Tarehe 24 Agosti 1984 Queen walianzia humo ziara ya albamu yao, The Works. Hot Space ya 1982, yenye disko tele, iliwaudhi mashabiki wengi wa roki. Hii ikarudisha gitaa. Sikilizeni "Hammer to Fall", Brian May kaiandika juu ya hofu ya bomu la nyuklia. Video yake ilipigwa humo humo, umati mikono juu ukimfuata Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja 1946, ambaye familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi.

Nikiwaambia Wabelgiji kazini, wanadhani nawatania! Kwao ni Mwingereza. Na sisi je? Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilifutwa huko kwetu, Uamsho walipopinga. Mjomba, najua utabisha, lakini mimi namhesabu wa kwetu.

Haya, mama, nitapiga simu Jumapili.