Waasi wa Ndirfi

Tarehe 14 Februari 1897, mahali paitwapo Ndirfi, njiani kuelekea Mto Nili, askari wa Dola Huru ya Kongo waliwageuzia bunduki maofisa wao Wabelgiji. Kikosi hicho cha mbele kiliongozwa na Kapteni Leroi, na wengi wa Wazungu waliokuwa nacho waliuawa. Hasira iliyolipuka siku ile ilikuwa imepikwa katika misitu ya Ituri.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola hiyo, aliitaka Nili. Alimtuma Baron Dhanis na askari wapatao 3,000 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, wapite Avakubi na kuukata msitu wa Ituri hadi Lado, kwenye Nili. Kwa macho ya watu ilikuwa safari ya kuwapiga Wamahdi wa Sudan. Nyuma ya askari walifuata wapagazi, wanawake na watoto. Chakula kiliisha, maradhi yakaingia, na kiboko hakikupumzika. Aliyezoea kuiona njia ya Mambasa, katika msitu huo, kutoka juu ya lori anaweza kukisia maana ya kuupita msitu ule kwa miguu, tumbo tupu, mzigo kichwani.

Njaa peke yake haitoshi kueleza. Wengi wa askari hao walikuwa watu wa Gongo Lutete, chifu wa Ngandu, aliyemtumikia Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, kabla ya kugeukia upande wa Wabelgiji mwaka 1892. Wapiganaji wake ndio waliowapa Wabelgiji ushindi dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema. Septemba 1893 maofisa walimshtaki kwa usaliti, wakampiga risasi palepale Ngandu. Julai 1895 watu wake waliokuwa askari wa Luluabourg waliasi na kumuua Kapteni Pelzer. Serikali iliwaita wote Batetela, ingawa walikuwamo Wakusu, Waluba na Wasongye. Kwa kuwapa jina la kabila moja, iligeuza dai la haki kuwa tabia ya ukoo.

Baada ya Ndirfi waasi hawakutawanyika. Walirudi kusini, na tarehe 18 Machi wakamkuta Dhanis huko Ekwanga wakamshinda; Louis, mdogo wake, aliuawa. Baron mwenyewe alikimbilia Avakubi. Luteni Josué Henry aliwafuata na kuwapiga kwenye Mto Lindi tarehe 15 Julai, lakini waliobaki walisonga mbele kuelekea Mto Semliki.

Katika safari hiyo alinaswa Padri Auguste Achte, Mfaransa wa shirika la Mapadri Weupe aliyekuwa ameanzisha misheni ya Virika, Toro, katika Uganda ya leo, mwaka 1895. Waasi walidhani ni mtu wa serikali. Wakakaa baraza, na wengi wakaamua aachwe hai. Kiongozi wao, Mulamba, akamchinjia mbuzi na kumpa kahawa. Kisha akampa pembe za ndovu kufidia vitu vyake vilivyochukuliwa, ili asije akaandika Ulaya kwamba wamemwibia. Mulamba alijua vizuri nani atakayeandika habari zake, akajitahidi kuzisahihisha mapema.

Mwaka 1960, mwaka ambao Kongo ilipata uhuru, Manhar Raskapur wa India alitoa filamu ya Kigujarati juu ya Kadu Makrani, mhalifu machoni pa Waingereza na shujaa wa watu wa Kathiawar, Gujarat, aliyenyongwa Karachi mwaka 1887. Mulamba anastahili mtengenezaji wa filamu kama huyo. Tena anastahili mwaminifu: askari waliozaliwa kwenye vita vya kunyang'anya chakula waliendelea kunyang'anya chakula. Vijiji vilivyokuwa njiani vililishwa hofu na waasi, kisha na majeshi yaliyowafuata, na mama aliyefichwa porini pamoja na wanawe hakuwa na sababu ya kutofautisha bunduki na bunduki. Filamu itakayomwacha mama huyo nje itakuwa imesema nusu.

Nusu ya pili ni hii: chini ya bendera nyekundu na nyeupe, watu hao walishika nidhamu ya jeshi kwa miaka mitatu, wakivizia, wakiteka silaha, wakiteremka mpaka mzima wa mashariki. Novemba 1898 waliiteka Kabambare, katika Maniema, na Bula Matari, yaani serikali ya Leopold, akalazimika kukusanya upya majeshi yake ili kuirudisha. Hapo nguvu zao zilianza kupungua. Mwaka 1900 kundi la mwisho, kama watu 2,000 pamoja na familia zao, lilivuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani, upande wa Rwanda na Burundi za leo. Huko waliweka silaha chini, wakapewa ruhusa ya kukaa.