Caruso: Teno aliyeiachia dunia sauti yake

WAPENZI wa opera hubishana juu ya mambo mengi, lakini jina la Enrico Caruso halikosi kutajwa kila wanapozungumzia waimbaji mahiri wa teno, yaani sauti ya juu ya kiume.

Mwitaliano huyo alifariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita. Hata hivyo, sauti yake ingali inasikika katika santuri zaidi ya 200 alizorekodi kati ya mwaka 1902 na 1920.

Kwa msikilizaji mgeni, santuri hizo huweza kukatisha tamaa. Zina mikwaruzo mingi, ala husikika kwa mbali, na mwimbaji huonekana kama anaimba ndani ya kopo. Anayetaka kuonja utamu wake hana budi kujua kwanza sauti hiyo ilinaswaje.

Caruso alizaliwa Naples, kusini mwa Italia, Februari 25, 1873. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, naye akaingizwa katika kazi za ufundi angali mtoto, huku akiimba katika kwaya ya kanisa. Alipanda jukwaa la opera kwa mara ya kwanza mwaka 1895 mjini humo.

Wakati huo hakuwa na dalili za ufalme. Noti za juu, ambazo ndizo fahari ya teno yeyote, zilimpa taabu na mara nyingine sauti ilimkatika. Ilimchukua miaka ya mazoezi kuzitawala.

Aprili 11, 1902, katika chumba cha hoteli mjini Milan, aliimba nyimbo 10 mbele ya mtaalamu wa kurekodi, Fred Gaisberg, kwa malipo ya pauni 100. Santuri hizo ziliuzwa vizuri mno, na gramafoni, ambayo wengi waliiona kama mchezo wa watoto, ikaanza kuheshimiwa na wanamuziki.

Maikrofoni hazikuwa zikitumika katika kurekodi siku hizo. Mwimbaji alisimama mbele ya bomba lenye mdomo mpana mithili ya tarumbeta, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora mstari juu ya nta. Alipofika kwenye noti kali alirudi nyuma, na alipoimba kwa upole alisogea karibu. Kosa likitokea, wimbo ulirudiwa tangu mwanzo.

Hivyo basi, anachosikia msikilizaji wa leo ni sehemu tu ya sauti iliyokuwamo chumbani. Lakini mambo mawili yalivuka salama.

La kwanza ni pumzi. Caruso huunganisha maneno katika mkondo mmoja usiokatika, kila noti ikiingia katika inayofuata, na msikilizaji hasikii jitihada yoyote. La pili ni rangi ya sauti. Teno wengi wana sauti nyepesi yenye kung'aa, ilhali yake ina uzito na kiza cha chini kinachokaribia sauti nene ya kiume.

Uzito huo ulimwokoa mwenzake mwaka 1913 mjini Philadelphia, Marekani. Wakati wa opera ya La Bohème, mwimbaji wa besi alipotewa na sauti, na Caruso akamwimbia wimbo wake huku ameipa hadhira mgongo.

Mfano bora wa kipaji chake ni wimbo wa Canio katika Pagliacci, opera ya Ruggero Leoncavallo. Canio ni mchekeshaji aliyegundua kwamba mkewe ana mpenzi mwingine, lakini watu wamekwisha kulipa kiingilio, naye lazima ajipake poda na kuwachekesha.

Caruso aliurekodi wimbo huo mwaka 1902, 1904 na 1907. Katika santuri ya 1907, ambayo ameimba pamoja na okestra, sauti imekomaa na kuwa nzito zaidi, na kilio kimeingia ndani ya wimbo bila kuuvunja.

Maisha yake mwenyewe yaliishia karibu na kisa hicho. Katika jumba la Metropolitan Opera, New York, alikoanza Novemba 23, 1903, aliimba zaidi ya mara 800 katika misimu 18.

Desemba 11, 1920, akiwa Brooklyn katika opera ya L'elisir d'amore, damu ilianza kumtoka mdomoni. Aliendelea kuimba huku akipokezwa taulo za kujifutia, hadi onyesho likasitishwa baada ya sehemu ya kwanza.

Pamoja na hayo, alirudi jukwaani mara tatu zaidi. Onyesho la mwisho lilikuwa La Juive, usiku wa Desemba 24. Kesho yake alizidiwa na maumivu, ikabainika kuwa kifua kilikuwa na usaha. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akarejea Italia, na kufariki Naples Agosti 2, 1921, akiwa na umri wa miaka 48.

Kwa anayeanza kumsikiliza, mpangilio mzuri ni kuanza na santuri za Milan za 1902, kisha ile ya Pagliacci ya 1907, na kumalizia na nyimbo za misa ya Rossini alizorekodi Septemba 16, 1920. Hizo ndizo za mwisho kurekodiwa, na chini ya miezi mitatu baadaye damu ilimtoka Brooklyn.