Ramani ya Vinland

Mwezi wa Oktoba 1965, Chuo Kikuu cha Yale, huko Marekani, kiliwaonyesha watu ramani ya ngozi. Walisema imechorwa karibu mwaka 1440, yaani miaka 50 na zaidi kabla ya Christopher Columbus kuvuka bahari. Magharibi ya Greenland palichorwa kisiwa kikubwa, na jina lake Vinland. Ndivyo mabaharia wa kaskazini ya Ulaya walivyoiita nchi waliyoifikia ng'ambo ya bahari.

Wengi walishangilia, wengine wakatia shaka. Ngozi ilipopimwa, ilionekana kuwa ya kale kweli, ya karne ya 15. Lakini wino ulitoa siri. Mwaka 1974 mtaalamu Walter McCrone alieleza kwamba wino huo una titani ya namna iliyoanza kutengenezwa viwandani karibu mwaka 1920. Mabishano hayakwisha upesi. Mwaka 2021 Yale wenyewe walikiri: titani imo katika mistari yote. Tena, nyuma ya ramani, maneno ya kale ya Kilatini yalifunikwa kwa mengine ya wino mpya, ili ramani ionekane kuwa ya kitabu cha zamani. Hilo si kosa la mkono, ni hila.

Je, tuseme safari zile nazo ni uongo? Hapana. Karibu mwaka 1075, Adam wa Bremen, mtu wa Kanisa, aliandika habari za Vinland alizozisikia kwa mfalme wa Denmark. Na mwaka 1960, Helge Ingstad na mkewe Anne Stine waliyakuta mabaki ya nyumba za mabaharia wale huko L'Anse aux Meadows, nchini Kanada. Mwaka uleule wa 2021 wataalamu walichunguza miti iliyokatwa pale kwa chuma. Mti huongeza mviringo mmoja kila mwaka. Katika mviringo wa mwaka 993 waliona alama iliyoachwa na nguvu ya jua. Toka hapo hadi ganda wakahesabu 28. Basi miti ilikatwa mwaka 1021.

Methali husema: njia ya mwongo ni fupi. Hii ilidumu miaka 56, lakini nayo ilikwisha. Kweli haikuhitaji ramani ile. Ilikuwa imelala udongoni, ikingoja wenye subira. Nasi tukionyeshwa jambo la ajabu la kale, tusitazame uzuri wa ngozi tu; tuulize na wino.