Trekta ya okazio: tuulize Kongwa kwanza



Kwa wiki kadhaa sasa, katika kikundi chetu cha vijana tuliosoma kilimo, mazungumzo ni moja tu: tununue trekta ndogo ya okazio, ao tuache? Tuko watu kumi na wawili. Makuta tumeyachanga kidogo kidogo: wengine wametoa mshahara wa kufundisha, mwingine faida ya kuuza viazi. Trekta yenye tunaonyeshwa ni ya Kijapani, nguvu za farasi 20 na kitu, na mita yake inaonyesha masaa 1,900. Mwenye kuuza anataja bei, sisi tunapunguza, yeye anapandisha. Kikundi kimenipa kazi ya kuandika hesabu ya matengenezo kabla ya mkutano. Nimeona nianze na historia, juu jaribio hili lilikwisha kufanywa katika Afrika yetu ya Mashariki, kwa makuta mengi kuliko yetu, na jibu lake liko wazi.

Tuende Tanganyika, mwaka 1946. Vita ya pili ya dunia imekwisha, Uingereza haina mafuta ya kula ya kutosha, watu wake wanapimiwa siagi kwa kadi. Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, iliyokuwa chini ya Unilever, akapendekeza kulima karanga kwa mashine Afrika. Serikali ikatuma timu ya watu watatu yenye iliongozwa na mtaalamu wa kilimo John Wakefield. Wakatembea kwa wiki tisa tu, wakarudi na mpango: mashamba 107, kila moja eka 30,000, mengi yake Tanganyika, mengine Kenya na Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Jumla ni zaidi ya eka milioni tatu, kwa gharama ya pauni karibu milioni 24. Waziri wa chakula, John Strachey, akakubali. Pahali pa kuanzia palikuwa Kongwa, upande wa Dodoma.

Bon, ili kung'oa pori kubwa namna ile walihitaji trekta za minyororo na buldoza kwa mamia. Lakini baada ya vita, viwanda havikuweza kutoa mashine mpya haraka, na kila nchi ilikuwa inangojea zamu yake. Wao hawakutaka kungoja. Wakanunua za okazio: vifaa vya jeshi vilivyobaki baada ya vita, vingine kutoka mpaka Ufilipino. Kiwanda cha Vickers kikachukua hata vifaru vya Sherman na kuvigeuza kuwa trekta, vikaitwa Shervick. Kwenye karatasi ilionekana ni akili nzuri: mashine kubwa, bei ndogo, zinapatikana leo.

Kilichotokea kinajulikana. Mashine za Ufilipino zilikuwa zimelala kwenye mvua na chumvi ya bahari. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya trekta zilikuwa hazifanyi kazi. Mpango ulisema eka 150,000 kwa mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa karibu eka 7,500. Mwezi wa kwanza mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta mpango wote, na pauni karibu milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Karanga za Kongwa hazikuuliwa na trekta peke yake. Mvua ilikuwa haba, na wataalamu walikuwa wameamini takwimu chache mno. Lakini upande wa mashine naona mambo matatu yenye yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza, waliona bei lakini hawakuona maisha ya mashine. Trekta ya okazio inakuja na historia yake, na historia hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya mauzo. Nani aliibadilishia mafuta? Ililala wapi? Iliwahi kuchemka? Maswali hayo yakikosa jibu, fundi atayajibu baadaye, na atayajibu kwa faktura.

La pili, mashine zilifika mbele ya garaje. Kongwa ilikuwa pori, mbali na bandari ya Dar es Salaam. Aina mingi za mashine maana yake ni aina mingi za piesi, na piesi moja ikikosekana trekta nzima inakuwa chuma cha kukalia. Mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache, na madereva walipaswa kujifunza kazi palepale shambani.

La tatu, udongo. Udongo wa Kongwa uko na mchanga mgumu wenye kusaga chuma, na wakati wa kiangazi unakauka kama tofali. Majembe ya trekta yaliisha mapema sana. Hapa kwetu, mtu yeyote aliyewahi kulima nyuma ya Lac Vert anajua jembe likishuka kidogo linagonga jiwe la volkano. Hata huko upande wa Sake tunakotaka kukodi mashamba, mawe hayakosekani. Kwa hiyo meno ya jembe na visu tuvihesabu kama vitu vya kununua mara kwa mara, sawasawa na mazutu.

Mtu anaweza kusema: hayo yalikuwa makosa ya wakoloni. Hapana. Baada ya uhuru wa 1961, Tanganyika yenyewe, kwa kufuata ushauri wa Benki ya Dunia, ilifungua makazi mapya ya wakulima na kuyapa nyumba na trekta. Mwaka 1966 serikali ikasimamisha mpango huo, juu gharama zilipita kile ambacho mazao yangeweza kulipa. Na hapa kwetu Kongo tuliona Bukanga-Lonzo: ilifunguliwa mwaka 2014 kwa mashine mpya zenye kung'aa, na mwaka 2017 ikasimama. Mashine mpya ao ya okazio, ya mzungu ao ya mweusi, yote inadai kitu kimoja: mtu wa kuitengeneza, piesi karibu, na makuta ya kufanyia hivyo.

Historia iko pia na mfano mzuri. Mwaka uleule wa 1946, kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilianza kutoa trekta ndogo ya Harry Ferguson, jina lake TE20. Ilikuwa nyepesi, na nyuma iliinua jembe kwa mikono mitatu yenye kusukumwa na mafuta. Mpaka 1956 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 500,000. Nyingine zinafanya kazi mpaka leo, na piesi zake zinapatikana bado. Siyo juu zilikuwa na nguvu mingi. Ni juu zilikuwa nyingi, zinafanana, na fundi wa kijiji aliweza kuzifungua na kuzifunga. Mikono ile mitatu imekuwa kipimo cha trekta karibu zote ndogo za leo.

Sisi watu wa Goma tunaijua siri hiyo bila kwenda Coventry. Angalieni chukudu. Inabeba viazi, makala, mbao, kila siku, kwenye mawe. Ikivunjika gurudumu, fundi wa mbao yuko mtaani, mpira wa kufunga unatoka kwenye tairi kukuu, na kesho mwenyewe yuko barabarani tena. Hakuna anayenunua chukudu yenye hajui nani ataitengeneza. Juu ya nini tununue trekta bila swali hilohilo?

Sasa hesabu. Wahandisi wa kilimo wa Marekani wako na kanuni moja yenye inatumiwa sana vyuoni. Kwa trekta yenye kusukumwa na magurudumu mawili, jumla ya matengenezo ni 0.7 kwa mia ya bei ya trekta mpya, mara masaa (kwa maelfu) yaliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Inaonekana ngumu, lakini tazama. Kwenye masaa 1,000 umekwisha kutumia 0.7 kwa mia. Kwenye masaa 5,000, ni 17.5 kwa mia. Kwenye masaa 6,000, ni 25.2 kwa mia. Maana yake masaa elfu moja kati ya 5,000 na 6,000 yanakula 7.7 kwa mia: mara 11 ya yale elfu ya kwanza.

Muone pia neno lenye wengi wanaliruka: bei ya trekta mpya. Pampu ya sindano ya mazutu haijui kama trekta uliinunua nusu bei. Tuseme trekta kama ile ikiwa mpya ni dola 12,000, na sisi tunainunua 4,000. Masaa yale elfu moja yatataka dola 924, karibu robo ya bei yetu, wala hatujahesabu mazutu na dereva. Na kanuni ile ilipimwa kwa wakulima wenye duka la piesi karibu. Sisi piesi itatoka Kampala ao mbali zaidi, itapita mipaka, na barabara zetu kila mtu anazijua.

Hasara kubwa kuliko piesi ni siku za kulala. Msimu A unaanza mwezi wa tisa, msimu B mwezi wa pili. Mpira mdogo wa kuzuia mafuta ukikatika katikati ya mwezi wa tisa, na tukangoja wiki tatu, mpira ni dola chache lakini msimu umekwenda. Wateja waliolipa mbele watakuja mlangoni, na watakuwa na haki.

Kuhusu masaa 1,900 ya mita: mita inaweza kubadilishwa, lakini raba ya pedali, kiti na matundu ya mikono ya nyuma havisemi uongo kirahisi. Kama vimeisha, tuhesabu kama trekta ya masaa 5,000. Mekanisie wetu, siyo wa muuzaji, aiwashe asubuhi moteri ikiwa baridi. Moshi wa bluu usioisha unaonyesha inakunywa mafuta yake. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanaonyesha maji yameingia. Aweke mzigo kwenye mikono ya nyuma, azime moteri, angoje: ikishuka haraka, valvu ao mipira ya ndani imechoka. Ajaribu ambreyaji kwenye mlima. Tena asome kibao cha namba: trekta mingi za okazio za Japani zilitengenezwa kwa soko la kwao tu, vitabu vyake ni vya Kijapani, na namba zake za piesi si zile za modeli zinazouzwa kwingine. Kama hatupati namba, hatupati piesi.

Kwa hiyo, ndugu na dada, pendekezo langu kwa mkutano ni hili. Tukubali kununua kwa masharti matatu tu. Moja: kabla ya kulipa, tupate kwa maandishi bei na siku za kufika za piesi tano: filta, mipira ya mafuta, sahani za ambreyaji, pampu ya maji, na visu vya jembe. Mbili: theluthi moja ya makuta yetu isiguswe, ikae sanduku la matengenezo, na kila saa ya kulimia mtu iongeze kitu ndani yake. Tatu: wawili kati yetu wakae garaje miezi miwili wajifunze, hata kama wako na licence.

Sharti moja likikosekana, tukodi trekta ya wengine kwa msimu mmoja, tuandike kila saa na kila piesi, halafu turudi kwenye hesabu hii na namba zetu wenyewe. Najua wengine watasikitika, juu trekta yenye imesimama mbele yako inavuta macho kuliko sanduku la matengenezo. Lakini makuta haya ni ya watu kumi na wawili, na wako kati yetu wenye hawana mengine.