Mwenye Mizani: Ununuzi wa Mazao Buhehe na Mpakani Busia

Ununuzi wa kampuni, yaani kazi ya kutafuta wauzaji, kuafikiana nao bei na kuhakikisha kwamba mali inafika kwa wakati na kwa ubora uliokubaliwa, huzungumzwa siku hizi kana kwamba ulizaliwa pamoja na kompyuta, ilhali katika vijiji vya mpakani mwa Uganda na Kenya kazi hiyo imebadilishiwa taratibu mara nyingi, na kila mara anayeshika mizani na daftari ndiye aliyeamua nani apate faida. Buhehe ni kaunti ndogo ya wilaya ya Busia upande wa Uganda. Mpaka mwaka 1997, wilaya hiyo ilipoundwa, eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Tororo, na kabla yake sehemu ya wilaya kubwa ya Bukedi.

Kabla ya ukoloni bidhaa iliyowaleta wanunuzi katika nchi ya Wasamia, wenyeji wa eneo hilo, ilikuwa jembe. Milima ya Samia ina mawe yenye chuma, na wahunzi waliyayeyusha kwa makaa, wakafua majembe yaliyotafutwa na Wajaluo na majirani wengine, ambao waliyatumia shambani na pia katika mahari. Mnunuzi alilipa kwa mifugo au nafaka, akalipima jembe kwa macho na kwa mkono, na mhunzi alijulikana kwa ukoo wake, hivyo sifa ya kazi yake ndiyo iliyokuwa dhamana. Majembe ya kiwandani yaliyoingia baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 yaliiua biashara hiyo. Mwaka uliofuata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati huo ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta wamegawanywa kati ya serikali mbili.

Pamba ndiyo iliyoleta ununuzi wa kampuni kwa maana kamili. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda, iliyotokana na kazi za ufundi za wamisionari Waanglikana, iligawa mbegu za pamba kwa machifu, na machifu wakawahimiza, mara nyingi wakawalazimisha, watu wao kulima ili wapate fedha za kodi. Pamba ya kwanza ilikuwa ya mchanganyiko, nyuzi ndefu pamoja na fupi, safi pamoja na chafu, na wenye viwanda vya Uingereza waliilalamikia. Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alijibu malalamiko hayo kwa kanuni zilizopiga marufuku mashine za mkono za kuchambulia pamba, pamoja na kulazimisha kila mkulima apande mbegu ya aina moja iliyotolewa na serikali. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa udhibiti wa ubora tangu chanzo cha mali. Ubora ulipanda, lakini uchambuzi, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu, ukabaki mikononi mwa wenye vinu vikubwa, nao walikuwa Wazungu na, zaidi na zaidi, Wahindi.

Mkulima wa Bukedi alipeleka pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, kwenye kituo cha kununulia, ambako karani aliipanga katika daraja mbili, safi na fifi, kisha akaipima. Daraja moja au nyingine ilibadilisha malipo ya msimu mzima, na mkulima hakuwa na njia ya kuupinga uamuzi huo, wala hakuweza kuhakiki mizani. Sheria ya kanda za pamba ya mwaka 1933 ilizidi kumbana, kwa kuwa ilizuia pamba kuvuka kutoka kanda moja hadi nyingine, huku wenye vinu wa kanda hiyo wakikubaliana mgawo wa ununuzi kati yao. Serikali ilieleza kwamba lengo ni kuzuia vurugu sokoni. Matokeo yalikuwa soko lenye wauzaji maelfu na, kwa vitendo, mnunuzi mmoja.

Hasira dhidi ya utaratibu huo ilichangia ghasia za mwaka 1945 na 1949, ambazo zilikuwa kali zaidi Buganda, na madai ya wakulima yalikuwa wazi: wachambue pamba yao wenyewe na kuiuza wanakotaka. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946 na ile ya mwaka 1952 iliyowezesha vyama kumiliki vinu zilitimiza nusu ya madai hayo, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukedi kikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Nusu ya pili haikutimizwa, kwa sababu Bodi ya Pamba Nyuzi, iliyoundwa mwaka 1949, ndiyo iliyoendelea kuuza nje. Karibu na mwaka 1970 Uganda ilitoa marobota ya pamba zaidi ya 400,000, kisha kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na vita vilivyofuata vikaviangusha vinu, na kwa miaka mingi biashara ya kweli mpakani ikawa magendo ya kahawa, hasa baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazili mwaka 1975 na bei kupaa.

Sheria ya mwaka 1994 ilifungua ununuzi wa pamba kwa kampuni binafsi, ila kwa wakati huo mahindi na maharage yalikwisha kuwa mali kuu inayovuka Busia kwenda Kenya. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Ndivyo cheti cha maabara kilivyochukua nafasi ya karani wa safi na fifi. Kipimo chenyewe ni cha haki, kwa kuwa sumukuvu huua, lakini mama mwenye magunia matatu hawezi kugharimia maabara, naye anabaki kumuuzia dalali mwenye lori.

Mifumo ya kielektroniki inayoandaliwa sasa, ya zabuni, ya kufuatilia mzigo na ya stakabadhi za ghala, ambazo Uganda ilizitungia sheria mwaka 2006 na Kenya mwaka 2019, haitavunja desturi ya mwenye mizani kuamua nani apate faida kwa kasi yake peke yake. Wanaoiandaa wawape vyama vya wakulima wa Buhehe nakala ya kila kipimo, haki ya kukikatia rufaa, na ghala lililo upande wao wa mpaka.