Mkorosho na Majirani Zake

Kusini mwa Tanzania, Masasi ni nchi ya majabali, Newala ni nchi ya mchanga. Ukishapanda ukingo wa uwanda wa Makonde, mito huioni tena. Mvua yote hunywewa na mchanga, ikatokezea huko chini kwenye chemchemi za mabondeni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipofika Newala aliwakuta Wamakonde wakiishi juu kwenye vichaka visivyopenyeka, na maji wakiyafuata bondeni. Vichaka vile viliwakinga dhidi ya wavamizi. Vilikuwa pia mbolea yao: shamba lililimwa miaka michache likaachwa, visiki vikachipua, majani yakaoza, na mchanga ukarudiwa na nguvu. Humo ndimo ming'oko, viazi vya porini, ilimotambaa, ikiweka chakula chini ya udongo hadi kiangazi.

Kisha ukaja mti wa kigeni. Mkorosho, ambao watu wa pwani huuita pia mbibo au mkanju, asili yake ni Brazili, na Wareno ndio waliouleta upande huu wa Afrika katika karne ya 16. Mizizi yake huzama mbali kutafuta unyevu, nao huchanua kiangazi, mvua zikiwa zimekatika. Mti wa namna hiyo haukuhitaji kubembelezwa na uwanda usio na mto. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulienea kusini kote, ukawa ndio ada ya shule na bati la nyumba.

Mti ukivuka bahari huwaacha nyuma walinzi wake. Kwenye majani machanga na maua ya mkorosho mna vitezi vidogo vinavyotoa utamu, na utamu huo ni ujira wa sisimizi. Huku ujira ulichukuliwa na sisimizi ambao Marekani ya Kusini haikuwajua kamwe: maji moto. Watazame wakijenga. Wanashikana viuno, mnyororo mzima, wanavuta kingo za majani mawili mpaka zikutane. Wengine wanaleta watoto wao wachanga wakiwa wamewabana kwa taya, wanawapitisha huku na huku kama mshona mkeka, na uzi wa hariri unaowatoka watoto hao ndio unaofunga jani kwa jani. Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yakauke, hapati raha kwenye mti wenye viota hivyo. Katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alikuwa amekwisha kuuona ulinzi wa maji moto Zanzibar kwenye minazi. Aliona pia kwamba sisimizi wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaokaa ardhini, huwafukuza maji moto na kuuacha mti bila mlinzi.

Kwa ukungu, hata maji moto hawana la kufanya. Ukungu huo, ubwiriunga, uliripotiwa nchini mwaka 1979, na ulikuta mlango wazi. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali, bei nazo zikawavunja moyo. Mikorosho isiyopogolewa ilifungamana matawi, na chini yake pakawa na kivuli na umande. Ukungu ule hupenda hasa asubuhi za baridi za Juni hadi Agosti, wakati uleule mti unapochanua. Mavuno ya taifa yalikuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 hayakufika 20,000. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walihangaika na salfa, kupogoa na miche yenye ustahimilivu, na korosho ikarudi. Lakini salfa ikizidi huongeza tindikali kwenye mchanga ambao tangu zamani ulitegemea majani yaliyooza, na hilo linanitia hofu kuliko ukungu wenyewe.

Jioni ya Novemba, mabibo, yaani matunda laini ya mkorosho, yakiiva, popo huja. Popo hupenda bibo na kuiepuka korosho, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza mdomo. Hulichuma tunda zima, huruka nalo hadi mti mwingine, hula sehemu laini, na mbegu huanguka. Mara nyingine huangukia kwenye shamba lililoachwa, katikati ya visiki vinavyochipua na kamba za ming'oko, na mvua za Desemba huikuta hapo.